Gego Likishang'oka

Dawa ya jino bovu ni kung'oa, husema watu, na usiku wa manane jino likipwita hakuna anayebishana na msemo huo. Ila msemo unakufikisha mlangoni mwa daktari na kukuacha hapo. Haumsemi mtu yuleyule wiki kadhaa baadaye, fizi imekwisha kujifunga, ulimi kila saa unakwenda kupapasa palipokuwa na gego, na daktari anamwuliza: sasa hapo tuweke nini? Swali hilo limekwisha kujijibu nusu. Linachukulia kwamba pengo ni ugonjwa unaosubiri tiba, na kilichobaki ni kuchagua tiba kulingana na mfuko. Ninachodai katika sura hii ni kwamba kuna swali linalotangulia: meno yaliyobaki yanaweza kazi gani, na yataendelea kuiweza kwa muda gani? Likiulizwa hilo kwanza, watu wengi waliopoteza gego moja watakuta kwamba kuliacha pengo lilivyo ni uamuzi wa kitabibu wenye hadhi sawa na kuweka jino la bandia. Sharti lake ni kwamba ufanywe kwa hesabu na kufuatiliwa, usiwe umejifanya wenyewe kwa sababu mwenye kinywa alisahau kurudi.

Hesabu yenyewe mtu aweza kuianza mbele ya kioo kwa tochi ya simu. Ukiacha yale magego manne ya mwisho kabisa, ambayo kwa wengine hayaoti, kinywa cha mtu mzima kina meno 28: ya mbele manane, chonge nne, magego madogo manane na magego makubwa manane. Lakini jino halitafuni peke yake. Muhindi wa kuchoma husagwa na jozi, la juu likikutana na la chini, na gego zima lisilo na mwenzake wa kukutana naye ni pambo tu, hata kama ni jeupe na imara. Madaktari hulithibitisha hilo kwa kipande chembamba cha karatasi ya bluu: mgonjwa huing'ata, husagasaga kidogo kulia na kushoto, kisha hufungua kinywa, na madoa ya bluu yaliyobaki juu ya meno huonyesha yapi hasa yanafanya kazi. Mara nyingi madoa hayo humshangaza mwenyewe. Upande aliodhani hautafuni kitu unakutwa umejaa bluu, na jino analolitunza kama mboni ya jicho halina hata nukta.

Ndiyo maana Arnd Käyser wa Chuo Kikuu cha Nijmegen, Uholanzi, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1981, hakuridhika na kuhesabu mapengo. Aliwachunguza watu 118 wenye safu za meno za urefu tofauti na kuzipima kwa jozi zilizobaki. Katika kipimo hicho jozi ya magego madogo hupewa alama moja, na jozi ya magego makubwa alama mbili. Kinywa kamili kina alama 12. Käyser aliona kwamba kinywa huweza kujirekebisha na kufanya kazi ya kutosha maadamu zimebaki alama zisizopungua nne, hasa zikiwa zimegawanyika sawasawa kulia na kushoto. Sasa mpeleke kwenye kipimo hicho mtu aliyekuwa na meno yote akang'olewa gego moja. Amepoteza jozi moja, yaani alama mbili. Amebaki na 10. Akipoteza na la upande wa pili, anabaki na nane, mara mbili ya kiwango cha Käyser. Watu wengi wanaoambiwa kwamba pengo lao ni dharura wamesimama mbali sana na ukingo.

Mtu anaweza kuishuku hesabu iliyofanywa Uholanzi, kwa watu ambao pengine hawajawahi kumenya muwa kwa meno. Shaka hiyo ni ya haki, na imejibiwa Tanzania. Paul Sarita, daktari wa meno wa Muhimbili, pamoja na wenzake wa Nijmegen, walichunguza watu wazima 725 waliokuwa na safu zilizofupika na kuwalinganisha na 125 wenye safu kamili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Waliobakiwa na magego madogo yote na angalau jozi moja ya magego makubwa waliweza kutafuna vya kutosha. Shida kubwa ilikuwa kwa wale ambao meno yalikuwa yameng'oka mpaka ndani ya magego madogo, wakabaki na jozi zake mbili au pungufu. Kwao chakula kigumu kilikuwa taabu kweli. Utafiti huo nauthamini kuliko nyingi za Ulaya kwa sababu moja: ulifanywa katika nchi ambamo wengi wanaong'olewa hawawekewi kitu, kwa hiyo uliviona vinywa vyenye mapengo jinsi vinavyoishi.

Kwa mtazamo huohuo Shirika la Afya Duniani, katika ripoti ya mwaka 1992, lilitaja meno 20 ya asili, yanayofanya kazi na kupendeza, kuwa lengo la maisha yote bila kulazimika kuvaa ya bandia. Japani ilikuwa imekwisha kuanza kampeni yake ya 8020 mwaka 1989: ukifika umri wa miaka 80, uwe bado na meno 20. Hakuna mahali katika malengo hayo panaposemwa 28. Idadi ya 20 hutimia kwa meno ya mbele, chonge na magego madogo peke yake.

Pingamizi la kwanza, na ndilo zito, ni la majirani. Kila mtu amewahi kuambiwa kwamba ukiacha pengo, gego la nyuma yake litainamia mbele, la juu litashuka kutafuta mwenzake, na baada ya miaka michache mdomo mzima utakuwa umepinda. Sehemu ya maneno hayo ni kweli. Jino halikupigiliwa kwenye mfupa kama msumari. Limening'inizwa kwa nyuzi laini, na likikosa kizuizi husogea. Swali ni kwa kiasi gani. Stavros Kiliaridis na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2000, walipima magego 84 yaliyokuwa yamekaa bila mwenzake kwa miaka isiyopungua 10. Asilimia 18 hayakuwa yamechomoza hata kidogo. Asilimia 58 yalikuwa yamechomoza kwa chini ya milimita mbili. Yaliyobaki, asilimia 24, yalizidi milimita mbili. Mwaka huohuo Daniel Shugars na wenzake nchini Marekani walitoa matokeo ya watu zaidi ya 100 waliopoteza jino moja la nyuma na kuliacha pengo, na kwa wengi wao nafasi ilikuwa imepungua kwa milimita moja au chini yake.

Hizo namba zinaweza kusomwa kwa namna mbili, na mwandishi asiyependa kumdanganya msomaji lazima aseme zote. Kwa upande mmoja, kinywa hakiporomoki. Magego matatu kati ya manne yalikaa miaka 10 bila kusogea kwa kiasi cha kutia hofu. Kwa upande wa pili, moja kati ya manne si kidogo, na gego lililoshuka milimita tatu linaweza kugusana vibaya na la chini mtu anapotafuna, au kuifanya nafasi iwe fupi mno kwa jino la bandia siku mtu akilitaka. Kinachofuata hapo, kwa maoni yangu, ni kupima. Daktari akichukua nakala ya meno kwa plasta, au hata picha nzuri ya pande zote mbili, miezi michache baada ya kung'oa, na nyingine mwaka unaofuata, atajua mgonjwa huyu yuko katika kundi lipi. Plasta ni kitu cha bei ndogo katika chumba cha daktari, nayo inaweza kumwokolea mtu jino la bandia asilolihitaji. Mahali pengi hatua hiyo hairukwi kwa ugumu wake. Hurukwa kwa sababu anayeacha pengo huhesabiwa kuwa amekataa matibabu, na aliyekataa matibabu hapewi tarehe ya kurudi.

Kuhusu kiungo cha taya, kile kinacholia mbele ya sikio, hofu ni kubwa kuliko ushahidi. Sarita na wenzake walilitazama jambo hilo pia kwa Watanzania wenye safu fupi na hawakuona kwamba safu fupi yenyewe huleta maradhi ya kiungo. Walikuta hatari ya maumivu na ya milio ikipanda pale ambapo upande mmoja, au pande zote mbili, hazikubakiwa na egemeo lolote la nyuma. Gego moja halimfikishi mtu huko.

Pingamizi la mfupa ni la hila zaidi, kwa sababu ni la kweli na huja na saa mkononi. Jino likitoka, mfupa uliolishika huanza kupungua. Lars Schropp na wenzake walionyesha mwaka 2003 kwamba ndani ya miezi 12 upana wa mfupa mahali hapo hupungua kwa karibu nusu, na theluthi mbili za upungufu huo hutokea katika miezi mitatu ya mwanzo. Hapo ndipo mgonjwa huambiwa: amua sasa, ukichelewa kipandikizi, yaani mzizi wa bandia, hakitapata pa kushika. Lakini iangalie ratiba yenyewe. Hasara kubwa hutokea kabla watu wengi hawajamaliza hata kutafuta fedha, na baadaye kasi hupungua sana. Aliyesubiri mwaka mmoja hapotezi mengi akisubiri wa pili. Funzo ninalolipata mimi ni kwamba mazungumzo yanapaswa kufanywa kabla ya koleo kuingia kinywani. Kwanza iulizwe kama jino linaweza kuokolewa kwa kutibu mzizi. Kisha, kama mtu anajua kwa yakini kwamba atataka kipandikizi, aseme siku hiyo, maana ziko njia za kuuhifadhi mfupa wakati wa kung'oa, na baadaye pia mfupa unaweza kuongezwa, kwa gharama na upasuaji zaidi. Asiyekihitaji kipandikizi hana sababu ya kuulilia ukingo wa mfupa ambao hautabeba kitu.

Tuseme hesabu imeonyesha kwamba jino linahitajika kweli. Njia kuu ni tatu: daraja, ambalo hushikwa na meno ya pande zote mbili za pengo; kipandikizi, yaani mzizi wa titani unaokaziwa kwenye taya na kuvishwa kofia; na meno ya bandia ya kuvaa na kuvua, kwa kawaida ya plastiki yenye vikulabu vya waya. Ubishi wa watu kuhusu mbili za kwanza huwa ni ipi inadumu. Bjarni Pjetursson na wenzake walizikusanya tafiti nyingi na kutoa makadirio yao mwaka 2007: baada ya miaka 10, asilimia 89.2 ya madaraja ya kawaida yalikuwa bado kinywani, na kwa kofia moja juu ya kipandikizi ni asilimia 89.4. Kwa tofauti hiyo hakuna haja ya kukosa usingizi. Anayeuziwa kipandikizi kwa hoja kwamba kinaishi kuliko daraja ameuziwa hoja isiyo na mzizi.

Tofauti yao iko kwa majirani. Ili daraja likae, meno mawili yanayolibeba husagwa, na kipimo cha Daniel Edelhoff na John Sorensen cha mwaka 2002 kilionyesha kwamba kuliandaa jino kwa kofia kamili huondoa kati ya asilimia 63 na 72 ya sehemu yake inayoonekana juu ya fizi. Kama majirani ni wazima, hawajawahi hata kuzibwa, kuwasaga ili kufidia gego moja ni kulipa deni kwa kukopa mara mbili. Kama majirani wenyewe wamekwisha kuzibwa mara kadhaa na walihitaji kofia hata hivyo, hesabu inageuka na daraja huwa jambo la busara. Gego la mwisho lina shauri lake: likitoka, nyuma yake hakuna jino, kwa hiyo daraja lingening'inia upande mmoja, na ya namna hiyo katika makadirio ya Pjetursson yalibaki asilimia 80.3 tu baada ya miaka 10. Kwa mtu ambaye gego la pili ndilo la mwisho, na lililoko mbele yake lipo na linakutana na mwenzake, sioni sababu ya kuweka chochote.

Kipandikizi kina historia inayofaa kukumbukwa na wanaokitangaza. Per-Ingvar Brånemark, daktari Mswidi, aligundua miaka ya 1950 kwamba titani hushikana na mfupa, na mwaka 1965 huko Göteborg alimwekea vipandikizi Gösta Larsson, mtu aliyezaliwa na kasoro kubwa za taya na asiyekuwa na meno ya chini. Larsson alivitumia mpaka alipofariki mwaka 2006. Ni moja ya habari njema za tiba ya karne iliyopita. Lakini teknolojia hiyo ilizaliwa kwa ajili ya mtu asiyeweza kutafuna, na leo inapelekwa kwa mwenye meno 27 kana kwamba hali zao ni ndugu. Kwa mvutaji sigara na kwa mwenye kisukari kisichodhibitiwa uwezekano wa kushindwa hupanda, na fizi zilizong'oa jino la asili haziogopi titani.

Meno ya kuvaa na kuvua ndiyo nafuu kwa bei, na kwa gego moja la nyuma ndiyo nisiyoyapendekeza kabisa. Dick Witter na wenzake wa Nijmegen waliwalinganisha watu wenye safu fupi waliovaa meno ya aina hiyo na wasiovaa, na hawakuona kwamba waliovaa walipata raha zaidi kinywani. Wanachopata kwa hakika ni kitu cha kuvua na kupiga mswaki kila usiku, na vikulabu vinavyokusanya ukoga kwenye meno yaliyokuwa mazima.

Hapa ndipo fedha inapopaswa kuingia, na mpangilio wake ndio muhimu. Gego halikutoka kwa bahati mbaya isipokuwa lilivunjwa na ajali. Lilitoka kwa kuoza au kwa fizi kuugua, na chanzo hicho bado kiko kinywani siku ya pili yake, kikiwatazama majirani. Bei ya kipandikizi kimoja inaweza kulipia kuziba meno kadhaa yanayoanza kutoboka, kuondolewa ukoga, dawa ya meno yenye floraidi kwa miaka, na bado chenji irudi. Mtu mwenye fedha ya jambo moja tu, akiitumia kujaza pengo na kuyaacha matundu mawili yaendelee, baada ya miaka michache atakuwa na jino moja la bandia na mapengo mapya mawili.

Wapo watakaosema hii ni falsafa ya kuwafariji maskini: wenye nacho wanawekewa titani, wasio nacho wanaambiwa pengo si neno. Hasira hiyo naielewa, ila imeelekezwa pasipo. Wazo la safu fupi lilizaliwa Nijmegen, katika nchi tajiri yenye madaktari wa meno wa kutosha. Dhuluma anayotendewa mtu wa kijijini hutokea mapema zaidi, pale tundu dogo lingeweza kuzibwa lakini zahanati ina koleo tu na haina vifaa vya kuzibia. Ukimpelekea kipandikizi baada ya hapo hujamtendea haki. Umefika na zawadi ghali kwenye msiba uliokuwa na kinga.

Si mapengo yote yanayostahimili kuachwa. Lililoko mbele kiasi cha kuonekana mtu akicheka lina haki ya kujazwa kwa sababu hiyo tu, na mwenyewe asiombe radhi kwa mtu. Mwenye pengo la pili au la tatu upande uleule, ambaye alama zake zinakaribia nne, hana muda wa kungoja. Kijana wa miaka 20 ambaye plasta ya mwaka wa pili inaonyesha gego la juu limeshuka, naye aamue mapema, kabla nafasi haijafungwa.

Na liko pengo moja ambalo kanuni zake ni nyingine kabisa. Gego kubwa la kwanza huota mtoto akiwa na miaka sita hivi, nyuma ya meno ya utoto, bila jino lolote kung'oka kulipisha, kwa hiyo wazazi wengi hudhani nalo ni la utoto na kuliacha lioze wakingoja lidondoke. Halina la kulirithi. Lakini kama limeharibika kiasi cha kutookoka, na ni la chini, kuling'oa mtoto akiwa kati ya miaka minane na 10 kunaweza kulifanya gego la pili, likiwa bado ndani ya taya, lisogee na kuota mahali pake, pengo lijifunge lenyewe bila daraja wala titani. Kuchelewa miaka mitatu kunaipoteza nafasi hiyo. Mzazi anayeambiwa aje kung'oa gego la mtoto wa umri huo aombe kwanza picha ya eksirei, na aulize jambo moja: gego la pili limeumbika kufikia wapi? Wakati mzuri ni pale sehemu mizizi yake inapogawanyika inapoanza tu kuonekana.